Kikohozi Ndani ya Kihenge

Baba yangu alikuwa manju. Alitunga nyimbo na kukiongoza chama chetu cha ngoma, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini hapakuwa na mtu aliyejulikana kumzidi katika nchi yetu, labda mtemi peke yake. Nyimbo zake ziliimbwa Kahama, ziliimbwa migodini Geita, na wachuuzi wa dagaa walizibeba mpaka Nkome na kuzirudisha zikiwa zimeharibika maneno. Nasema haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekuwa akiingiza kichwa ndani ya kihenge cha mtama ili akohoe.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume. Sikufukuzwa, niliondoka mwenyewe. Baba alirudisha ng'ombe wa mahari bila kunung'unika na hakuniuliza swali hata moja. Kijiji ndicho kiliuliza, tena kisimani, tena nikiwepo. Nilikuwa na ulimi mkali wakati ule, na bado ninao, lakini kwa jambo lile sikujibu. Nilichota maji nikaondoka. Mama alikwishafariki, kwa hiyo nilimpikia baba, nikamfulia, nikamwashia tumbaku yake kwa kaa la jikoni.

Tumbaku alijifunzia mgodini. Wakati wa vita alichimba dhahabu Geita, chini ya ardhi, na huko wachimbaji kutoka kila pembe ya Tanganyika walivuta kama wanavyokula ugali. Alirudi na blanketi, na sufuria, na mazoea ya sigara. Baadaye mazoea yakawa sehemu ya ngoma. Kabla ya kuanza wimbo alisimama katikati ya uwanja, akavuta taratibu, akautoa moshi puani, na watu wakapiga kelele hata kabla hajafungua kinywa. Ndipo wakaanza kumtunza tumbaku. Wengine walileta majani yaliyosokotwa, wengine sigara za dukani, na kina mama wakamchomeka sigara kwenye kilemba cha manyoya. Kukubali zawadi ya mtu ilikuwa ni kumkubali mtu mwenyewe.

Kikohozi kilianza msimu wa kupalilia pamba. Mwanzo kilikuwa cha asubuhi tu. Baadaye kikawa hakina saa, na siku moja nikaona damu kwenye kitambaa nilichokuwa nikifua. Nilimpeleka kwa dresa wa zahanati, mwendo wa nusu siku, tukapita njia ya porini ili tusionekane. Dresa alimgonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza, akatwambia bila kuzunguka kwamba kifua kimeharibika kwa vumbi la mgodi na sasa moshi unamalizia kazi. Akiacha tumbaku ataishi. Asipoacha, tusimlaumu mtu.

Njiani baba alisimama kupumzika mara nyingi. Alisema, "Mayu, neno hili libaki hapa." Aliniita mayu, yaani mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao.

Nikamwambia, "Basi acha kuvuta, baba, nami nitanyamaza."

"Nikikataa tumbaku yao watajua naumwa. Wakijua naumwa watanionea huruma. Mtu anayekuonea huruma hasikii wimbo."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba wimbo haupiki ugali wala hauziki mtu. Tukafika nyumbani, nikamwashia sigara, kwa sababu watu walikuwa wamekaa uani wakimsubiri.

Alikuwa na sababu ya kusema vile. Kwetu ngoma si kucheza tu, ni kushindana. Vyama viwili vinasimama kwenye uwanja mmoja, saa moja, kila kimoja na manju wake na ngoma zake, na watazamaji wako huru kwenda wanakopenda. Mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna kinachohesabiwa ila miguu ya watu ilikoelekea. Mwaka ule tulikuwa tukutane na wapinzani wetu baada ya mauzo ya pamba, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na baba alikuwa akitunga wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Niliusikia mimi, kwa bahati tu. Mtama ulikuwa umekaribia kwisha na kihenge chetu kimebaki kitupu kuanzia kiunoni kwenda juu. Baba alikuwa akifunua mfuniko, anaingiza kichwa na mabega, anakohoa humo, na udongo wa kihenge unaimeza sauti. Alipomaliza kukohoa alibaki humohumo akaimba polepole. Nilikwenda kuchota mtama wa kusaga nikamkuta miguu iko nje na kichwa kiko ndani. Hakunifukuza.

Wimbo ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza ulihusu kijana anayekwenda mgodini. Wa pili ulihusu vumbi. Wa tatu ulikuwa wangu. Ulimwimba binti aliyerudi kutoka kwa mume, na baba yake akawaswaga ng'ombe mwenyewe kuwarudisha walikotoka, na akawaambia majirani kwamba mlango wa nyumba yake haukutengenezwa ili kumfungia nje mtoto wake. Nilisimama na ungo wangu mpaka akamaliza. Nilifurahi. Nataja furaha hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka mwaka ule. Niliwaza wale wanawake wa kisimani wakiusikia ubeti ule mbele ya nchi nzima, nami nimesimama pale, nimevaa kanga yangu nzuri.

Lakini damu iliongezeka. Watu wakaendelea kuleta tumbaku, naye akaendelea kuivuta mbele yao huku akitabasamu. Niliona wimbo hautafika uwanjani kwa sababu mwimbaji hatafika. Asubuhi moja, kisimani, nikamwambia mke wa mpiga ngoma wetu mkubwa, mwanamke niliyemwona ana busara: "Mwambie mumeo, tumbaku mnayomletea baba inamuua. Dresa kasema. Acheni kumpa."

Akashika mdomo. Akaahidi kulifikisha kwa wanaohusika tu.

Kesho yake kabla jua halijakolea uani kwetu kulikuwa na wanaume zaidi ya kumi. Hawakuuliza kifua kinaumaje. Waliuliza ni nani anayeitia tumbaku sumu. Kwao jambo lilikuwa wazi: wapinzani wamemwona manju wetu hashindiki, wakapenyeza tumbaku yenye dawa kati ya zawadi. Walipekua nyumba, wakakusanya kila jani na kila sigara, wakavichoma moto nje ya boma. Nilitazama ule moshi ukipanda nikafikiri nimeshinda.

Jioni wakarudi na tumbaku nyingine. Hii ilikuwa salama, walisema. Ililimwa na mtu wetu, ikakaushwa ndani ya nyumba ya mtu wetu, ikafungwa kwa kipande cha kitambaa cha chama. Zaidi ya hapo walimchagua mtu wa kuionja. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkulima mpole, ambaye hakuwahi kuvuta maishani mwake. Kila mara baba alipotaka kuvuta, yule bwana alivuta kwanza, akakohoa, machozi yakamtoka, watu wote uani wakamkazia macho. Akionekana mzima, sigara ikapita kwa baba. Na kwa kuwa watu walikuwa wamejitaabisha kiasi kile, baba hakuweza kuikataa. Alivuta zaidi ya alivyovuta mwanzo.

Nilijaribu kuwaeleza. Niliwaambia hakuna sumu, sumu ni huo moshi wenyewe. Mzee mmoja alinicheka kwa upole.

"Mayu, babu yako alivuta mpaka meno yakaisha kinywani. Moshi haujaua mtu. Na huyo dresa wenu, unajua anachezea chama gani?"

Sikulijua hilo. Dresa alikuwa mtu wa wapinzani. Basi, maneno yake yakaishia hapo.

Kuanzia siku ile hatukuwa na nyumba, tulikuwa na uwanja. Vijana walilala langoni kumlinda. Kina mama waliingia jikoni kwangu wakaonja mboga kabla sijaipakua, kama vile mimi ndiye wa kushukiwa. Mmoja aliniuliza kakohoa mara ngapi tangu alfajiri. Mwingine alifunua kapu la nguo chafu akatafuta kitambaa. Nilimnyang'anya kapu na kumwambia akatazame makohozi ya mumewe. Walinisamehe. "Ana uchungu," walisema. Walimpenda baba kwa dhati, sitawasingizia. Walileta asali, wakaleta mizizi, wakaleta jogoo mweupe. Hata kwenye kihenge walimfuata. Siku moja alipotoa kichwa ndani ya kihenge alikuta watu wamejipanga nyuma yake kimya, wanasikiliza. Alifunika mfuniko taratibu na hakurudi tena. Kuanzia hapo hakuwa na mahali pa kukohoa, wala pa kuimba.

Hakuniuliza ni nani aliyesema. Tulikuwa watatu tuliojua, na dresa hakuwa na mtu wa kumwambia upande wetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo watu husema. Baba hakungoja kuumbuliwa na kifo. Nilimuumbua mimi.

Siku ya ngoma nilivaa ile kanga. Uwanja wa mnada ulijaa mpaka kwenye mazizi. Wapinzani walianza na wimbo wa kejeli kuhusu jogoo anayewika kwa pumu, watu wakacheka, na ilikuwa haki yao, kwani kejeli ndiyo chumvi ya mashindano. Baba alivuta sigara iliyokwisha kuonjwa, akautoa moshi puani, akaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Watu walikuwa nusu kwa nusu. Nakumbuka nilitazama miguu yao, sio nyuso.

Katikati ya ubeti wa pili sauti ilikatika. Alikohoa. Aliinama akashika magoti, akakohoa tena, na kile kikohozi alichokificha miezi yote kikatoka mbele ya nchi nzima. Ndipo nikaona miguu ikigeuka. Walitoka upande wa pili wakikimbia, wanaume, wanawake waliobeba watoto, wengine wamepanda juu ya mikokoteni ili waone. Walikuja wote. Walitusukuma mpaka nikapoteza kiatu. Hakuna aliyeimba na hakuna aliyecheza. Walitazama. Upande wa pili alibaki manju wao peke yake na ngoma zake, na yeye alikuwa ametugeuzia mgongo. Katika uwanja mzima ni yeye tu ambaye hakumtazama baba.

Mwamuzi, mtu wa mtemi, aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akatutangaza washindi. Watu wetu walishangilia. Walimbeba baba juu juu wakampeleka kivulini, na kabla hajapata pumzi mtu alikwisha kumwekea sigara vidoleni.

Sikulia. Nilitafuta kiatu changu, nikakipata, nikakivaa. Kitu ndani yangu kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na nilingoja kianze kuuma, hakikuuma. Miaka mingi baadaye vijana wa chama chetu walikuwa bado wakikohoa kabla ya kuanza wimbo. Walimwiga yeye: wanainama, wanashika magoti, wanakohoa mara mbili kwa mapafu yao mazima, watu wanapiga vigelegele. Nilisikia kikohozi kile kwenye harusi, kwenye mavuno, hata siku ya Uhuru. Wimbo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Asubuhi baada ya mashindano niliamka nikamkuta baba amekaa mlangoni, amejifunika lile blanketi la mgodini. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi uani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamelala, wamechoka kusherehekea. Nilimpelekea uji. Hakuugusa.

"Wanasema walikuja wote," alisema.

"Wote, baba."

"Hata wale wa upande wa pili?"

"Upande wa pili hakubaki mtu."

Alitikisa kichwa polepole. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, ilibidi niiname.

"Ni ubeti upi uliowavuta?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia ukweli, nikapiga magoti, nikaomba radhi, tukalia pamoja, na labda ile ganzi ingenitoka. Nilisema, "Wa tatu, baba. Ule wa binti."

Hakuwahi kuufikia ubeti wa tatu. Alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Alinitazama bila hasira. Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi akatoa sigara moja, imefungwa kwa uzi wa kile kitambaa cha chama.

"Vizuri," alisema. "Basi niwashie, mayu."

Nikaenda jikoni, nikachukua kaa la moto, nikamwashia.