Mguso wa Pili

Binti yangu nilimfundisha fizikia kwa simu. Nilimwacha kwa mama yangu Kakamega akiwa hajaanza chekechea, nikaja Doha kufanya uuguzi. Sauti ndiyo malezi niliyoweza. Darasani walipofika kwenye umeme tuli nilifurahi, maana huo ninao nyumbani kwangu Doha. Zulia, blanketi la nailoni na kiyoyozi: kila mpini wa mlango hapa unakurusha kwa cheche ukiushika. Nilimweleza kwamba chaji ikikaa mahali, pembeni yake pote hapabaki vilevile. Chaji nyingine ikisogea karibu itavutwa au kusukumwa. Huo ndio uga wa umeme. Na potenshali ni kama matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba: kinachosukuma maji ni tofauti ya kimo, si wingi wake.

"Sasa mama, ukishika tena haikurushi?"

"Hainirushi. Mimi na mpini tumeshakuwa sawa."

Likizo ya Desemba akaja kunitembelea. Pale uwanja wa ndege alikuwa na sweta nzito, anasukuma troli. Nilinyoosha mkono nimshike shavu, cheche ikaturusha wote wawili. Akaruka nyuma. Nikacheka.

"Leta mkono sasa," nikamwambia. "Imeisha hiyo."

Akautia mfukoni. "Ni sawa, mama. Twende tu."

Siku zote alizokaa kwangu Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nilijidanganya kuwa kinachomfanya akwepe mkono wangu ni zulia. Nikalikunja, nikalisimamisha nyuma ya mlango. Nikaweka beseni la maji chini ya kiyoyozi hewa ipate unyevu. Nikajipaka mafuta mikono mpaka vikombe vikawa vinaniponyoka. Naye alikuwa mtoto wa adabu, anaosha vyombo, anakaa ncha ya pili ya kochi. Nyanya yake akipiga simu, anaibusu skrini. Iliniuma, sitaficha.

Jioni ya mwisho tulirudia maswali ya mtihani. Nikamuuliza: vyuma viwili vyenye potenshali tofauti vikigusana?

"Chaji inahama mpaka potenshali zilingane," akajibu papo hapo. "Halafu inatulia. Hata uguse mara ngapi, hakuna kitu."

Nikamwambia vizuri sana. Alikuwa ameelewa tangu zamani. Nikaulaza mkono wangu juu ya kitabu, kiganja wazi, nikaanza kusoma swali lililofuata.

Alingoja nimalize. Kisha akageuza ukurasa kwa ncha ya kalamu, asiniguse.