Mbuyi Alivyomzika Shujaa Arusini

Mwaka 1986, pale Kamina, filamu za ukumbi wa parokia yetu zilisema Kifaransa, na wengi wetu tulikijua kidogo tu. Kwa hiyo Mbuyi alisimama kando ya ukuta mweupe, kipaza sauti mkononi, akatuambia kwa Kiswahili kinachotendeka na kinachosemwa. Hakutafsiri tu. Kila shujaa alimpa majina ya sifa kwa Kiluba, kama tunavyowasifu wakubwa wetu, na wanawake wakamwitikia kutoka kwenye mabenchi. Mtu aliyetaka kujua kama filamu ni nzuri hakuuliza nani anacheza. Aliuliza kama Mbuyi ataisema.

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Alitengeneza magari ya jeshi kwenye Base, kambi kubwa ya wanajeshi pale Kamina, kwa miaka mingi, akastaafu na cheo cha sajini, mgongo mbovu na Kifaransa kizuri. Tangu hapo, heshima yake yote ilikuwa katika kile kipaza sauti.

Sasa niseme jambo lisilompendeza. Kwa miaka miwili Mbuyi alitudanganya. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akaona mwanga na vivuli tu. Filamu za zamani alizikumbuka zote. Mpya alizisikiliza Jumamosi mchana pamoja na Ngoy, mwendesha mashine, akisingizia kwamba anapima sauti. Mkewe Marceline alijua, akanyamaza, na kunyamaza kwake pia sikusifu. Nikisimulia haya watu humhurumia Mbuyi. Mimi nasema: aliyekubali kuwa macho ya wenzake, naye haoni, anawadanganya hata kama wanafurahi.

Kalala, mkubwa wa kamati ya ukumbi, alianza kushuku siku Mbuyi aliposema mvua inanyesha, na ukutani watu wanaanika nguo. Akamwita pembeni.

"Papa Mbuyi, ukikosa tena, kipaza sauti kitakuwa cha Banza."

Banza alikuwa mwalimu aliyerudi kutoka Lubumbashi, mtu mwenye adabu na Kifaransa safi.

Jumapili iliyofuata, treni iliyoleta filamu ilichelewa. Ilifika wakati wa misa, na Mbuyi hakupata nafasi ya kuisikiliza kwanza. Saa nane mchana tuliziba madirisha kwa mablanketi, Ngoy akawasha mashine.

Ilikuwa filamu ya giza. Picha zake zenyewe zilikuwa nyeusi, na watu wake hawakusema sana. Ilimhusu shujaa wa barakoa ambaye zamani aliruka juu ya majumba, na sasa amezeeka hawezi kuruka. Anatembea kwa fimbo. Mji umemsahau. Mbuyi alitega sikio, akapata neno moja hapa, neno moja pale, akajaza mengine kwa akili yake. Kisha maneno yakakoma kabisa. Kengele ya kanisa ikalia. Kwaya ikaimba polepole, na mtu akasikika akilia.

"Bamama na bapapa, muvue kofia!" Mbuyi alisema. "Shujaa amekufa!"

Kwetu habari ya kifo haipokewi kimyakimya. Wanaume walivua kofia kabla ya kutazama vizuri. Mama Clémentine, aliyekaa nyuma ya mtu mrefu na hakuona vizuri, alijifunga kitambaa kiunoni akaanza kilio cha msiba, na mabenchi mawili ya wanawake yakamfuata. Wakati huo ukutani kulikuwa na bibi arusi mwenye gauni jeupe. Shujaa, baba yake, alikaa benchi la mbele katika koti linalombana, akijifuta machozi ya furaha.

"Papa Mbuyi! Iko ndoa!" mtu alipiga kelele. "Unazika muntu mwenye kuoza binti?"

"Mumupe miwani!"

"Mama Clémentine, nyamaza, maiti iko anacheka!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kalala alimwambia Ngoy asimamishe mashine, akaenda mbele akanyoosha mkono.

"Tulisema, Papa. Leta."

Mbuyi hakukitoa mara moja.

"Ngojea, Kalala. Bandugu, minyi siko naona. Tangu miaka mbili naona mwanga tu. Nilikuwa nasema bongo, uongo tu. Munisamehe."

Banza alisogea mbele. Mbuyi alimpa kipaza sauti, akaanza kuupapasa ukuta akiutafuta mlango. Ndipo Marceline alipotoka kwenye benchi lake, akamshika mkono.

"Rudi. Minyi njo nitaona, weye utasema."

"Hujui Kifaransa, mama."

"Kifaransa gani? Bale bantu ba filamu bananyamaza tu!"

Watu walicheka tena, lakini kicheko hiki hakikumchoma mtu. Banza alimtazama Kalala, kisha akamrudishia mzee kipaza sauti bila kungoja ruhusa. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa Kifaransa chake.

Ngoy aliwasha mashine. Ukutani nyumba ndefu ya ghorofa ilikuwa inaungua, na juu kabisa mama mmoja alikwama na mtoto. Marceline alimnong'oneza mumewe sikioni.

"Shujaa amefika chini ya nyumba. Anaangalia juu. Hawezi kuruka. Anatupa fimbo, anapanda ngazi. Goti la kushoto linakataa, sawa lako. Amekaa. Amesimama tena."

Mbuyi aliyachukua maneno hayo akayapa sauti. Alimwita shujaa kwa Kiluba mpanda mlima asiye na mabawa, mwenye goti bovu na moyo mzima, na wanawake walimwitikia kwa nguvu kuliko walivyowahi kuwaitikia mashujaa wanaoruka. Mtoto na mama yake waliposhuka salama, shujaa alikaa barabarani akavua barakoa.

"Anaomba maji," Marceline alisema.

"Amesema?"

"Hajasema. Nimekaa na weye miaka makumi tatu. Najua sura ya mwanaume mwenye kutaka maji."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na ukumbi wote ulimsikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Kalala alitangaza mbele ya wote kwamba Mbuyi haoni, kwamba filamu zitasemwa na watu wawili, na asiyetaka hivyo abaki nyumbani. Nilitaka litangazwe waziwazi, na lilitangazwa. Mchana ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama. Marceline alikaa karibu na ukuta, Mbuyi kando yake.

"Sasa usinikate maneno," alimwambia mumewe.

"Basi usiseme tu nguo zao. Sema mambo."

"Nguo njo mambo, papa. Angalia, wanaanza."

"Angalia weye," Mbuyi alisema, akainua kipaza sauti.