Robi na Wenzake wa Mwaka wa Operesheni

Mama mkwe wangu, Robi, anafundisha maksai kulima. Hapa Gorong'a watu wamezoea kuona kazi hiyo ikifanywa na wanaume, lakini maksai wengi wanaovuta plau kwetu wamepita mikononi mwake. Hapigi. Dume asiyejua kazi anamfunga nira moja na maksai aliyezoea, halafu anatembea mbele yao akiwasemesha Kikurya polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Siku ya nne wanalima.

Mwaka 2024 kanisa letu liliamua kuwaombea waliozaliwa mwaka wa operesheni, 1974, watu walipohamishiwa vijijini, maana walitimiza miaka hamsini. Wangesimama mbele Jumapili, kisha majina yao yaandikwe ukutani pamoja na kazi zao: Beatrice mwalimu mkuu, Nelson fundi wa visima, Sylvester bwana mifugo. Mama akashona gauni jipya.

"Mimi sikusoma," aliniambia, "lakini wajukuu wangu watanisoma pale."

Jumatano akaja Elia, katibu wa kanisa, kijana tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja kuniambia nitasimama wapi?"

Elia akafungua daftari. "Mama, kitabu cha ubatizo kinasema 1977."

"Huo ni mwaka padri alipofika kwetu. Nilikwenda kubatizwa kwa miguu yangu!"

"Naamini, mama. Lakini nikikuingiza bila ushahidi, kesho nusu ya kijiji watataka. Kama una karatasi yoyote, niletee kabla ya Jumapili."

"Karatasi? Nilizaliwa porini, watu wakiwa wamejitwisha mizigo!"

Elia akaondoka. Gauni lilibaki kwenye kamba siku nzima ingawa lilishakauka, na jioni aliwapitisha maksai mahali pale pale mpaka nikawaonea huruma.

Alhamisi nilikuwa namnyonyesha mwanangu Deus, akaning'ata. Nikapiga kelele. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Huyo ni Sylvester kabisa! Alimng'ata mama yangu mpaka akamwaga machozi."

"Sylvester yupi, mama?"

"Si huyu bwana mifugo? Mama yake aliugua wakati wa kuhama, maziwa yakakauka. Mama yangu akatupakata wote, mimi huku, yeye kule."

Nikamhamishia Deus titi la pili. "Mama, si wewe ndiye kifungua mimba wa bibi?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Haya ulimwambia Elia?"

"Habari za matiti ya mama yangu nimwambie katibu wa kanisa? Wewe nawe!"

Ijumaa Sylvester alikuja kumchoma sindano ndama wetu. Nilimwamkia, nikamweleza nikiwa nimeangalia chini. Alimaliza kumchoma ndama, akawasha pikipiki bila hata kunawa. Baada ya muda akarudi, amempakia Elia nyuma.

"Haya, mura, sema mbele ya Robi. Mimi umeniandika mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Na huyu ni mtoto wa kwanza wa mama yake, hata wazee wanajua. Mama yake ndiye aliyeninyonyesha. Sasa kama Robi alizaliwa sabini na saba, mimi nilinyonya maziwa ya mtoto gani?"

Elia alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha katikati. Akatoa kalamu.

"Nisamehe, mama. Niandike kazi gani?"

"Mfundisha maksai. Na kwa huyu andika alikuwa anauma."

Jumapili walisimama wanne mbele ya watu. Sylvester ni mtu mkubwa, akamziba mama asionekane, na gauni lake jipya pia. Nilikuwa benchi la pili na Deus mapajani. Padri alipoanza tu kuomba, nikamwona mama akimsukuma kwa kiwiko.

"Sogea," alinong'ona, lakini kanisa zima tulisikia. "Tangu tukiwa wachanga unanibana tu!"

Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza kucheka. Sylvester akasogea.