Bunduki ya bei chee ya baba: ilidumu kiasi gani, hadi siku ya jaribio la kamba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na mlio wadogo zangu marahaba.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu bunduki za bei rahisi, eti zinachakaa haraka. Basi nami niweke nilichokiona kwa macho yangu. Sitatia chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, maana umri umekwenda.

Miaka ya sabini tulikuwa tunaishi kijiji kimoja upande wa Segese. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa siku hizi haukuwepo bado. Kulikuwa na mahindi, karanga, ng'ombe, na nguruwe pori waliokuwa wanakula shamba kana kwamba wamelilima wao.

Baba akauza madume mawili ya ng'ombe, akaenda mjini, akarudi na kibali pamoja na shotigani ya mtutu mmoja, ile unayoivunja katikati ndio unaweka risasi. Dukani hapakuwa na ya bei ya chini kuliko hiyo. Sikumbuki ilitengenezwa nchi gani.

Mzee Saidi, mwenye duka pale senta, alikuwa na ya mitutu miwili, ya gharama. Alimcheka baba mno.

"Baba Kabula, hiyo umenunua bunduki au pampu ya baiskeli?"

Kabula ndio mimi.

Sasa hapa ndipo pananishangaza hadi leo. Ya Mzee Saidi ilikaa kabatini imeviringishwa kanga, inatoka sikukuu hadi sikukuu. Mitutu ikaota kutu ndani. Ya baba ilipigwa karibu kila siku ya msimu, mwaka baada ya mwaka, na ukichungulia mtutu unang'aa. Nilikuwa naisafisha mimi, kwa kitambaa na samli. Ndiyo, samli. Mafuta ya bunduki tungeyatoa wapi?

Kilichoichosha si risasi, ni baba mwenyewe. Aliigeuza fimbo. Anavukia mto nayo, anaswagia ng'ombe nayo. Siku moja akamtwanga nayo nyoka, kitako kikapasuka. Bahati nzuri haikuwa na risasi ndani.

Akafanya kama wafugaji wa kwetu wanavyofanya kwa kila kilichopasuka, iwe kinu au mpini. Akakivika ngozi mbichi ya ng'ombe, akaishona, akaianika. Ngozi ikikauka inabana kweli kweli. Kiangazi kizima mambo safi.

Tatizo nguruwe wanakuja masika. Na masika ngozi inalowa, inalegea.

Kitako kikaanza kucheza, na bawaba ya pale katikati nayo ilishachoka. Ukiitikisa bunduki inalia kachakacha. Kisha siku moja baba akarudi kutoka shambani nyusi za upande mmoja zimeungua. Moto ulikuwa umetokea nyuma, usoni kwake.

Niliogopa sana wakuu. Mama ndio usiseme.

"Yaya!" akasema mama, na hapana hiyo ya Kisukuma huwa haina mjadala. "Baba Kabula, ipeleke polisi kabla haijakutoa jicho."

"Hii nzima," baba akajibu. "Tumezoeana."

Walivutana wiki nzima. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na bila bunduki tulijua nguruwe watatumaliza. Mwisho baba akasema basi itafanyiwa test hadharani, risasi tano. Ikihimili zote, mama anyamaze. Ikishindwa, inasalimishwa.

Asubuhi nusu ya kijiji ikaja, Mzee Saidi yuko mbele. Baba akaifunga bunduki kwenye kisiki, ikiangalia bondeni kusiko na mtu. Akafunga kamba ya katani kwenye triga, akarudi nayo hadi nyuma ya kichuguu, akalala chini.

Akavuta. Ikalia.

Akaenda kukagua, nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu moshi ukatokea pembeni, lakini nzima. Mimi nahesabu huku nimeziba masikio. Ya nne. Ya tano.

Nzima wakuu! Watu wakashangilia, hata Mzee Saidi akapiga makofi. Baba akatoka nyuma ya kichuguu anajifuta matope, anacheka.

Mama hakucheka. Akamwuliza taratibu, mbele ya wote:

"Baba Kabula, kama ni nzima, mbona ulijificha?"

Baba akakigeukia kile kichuguu. Akaanza kukunja kamba yake. Kesho yake akaipeleka polisi mwenyewe, hakuna aliyemsukuma.

Msimu ule tulifukuza nguruwe kwa kupiga madebe, na karibu nusu ya mahindi yalikwenda. Iliniuma. Mama sikumsikia akijuta hata siku moja.

Nilichojifunza ni kwamba kitu cha bei chee kinaweza kudumu kuliko cha bei mbaya, kikitumika na kikitunzwa. Ila hali yake halisi anaijua mwenye nacho, na usisubiri aseme, angalia anachofanya. Siku hizi nikiuziwa pikipiki ya mkononi, namwambia muuzaji aishushe yeye kwanza kwenye mteremko.

Wanaojua silaha humu, nisaidieni: risasi ya sita ingetoka salama, baba akiwa ameishika? Nilimwuliza mwenyewe akiwa mzee kabisa. Alitabasamu tu, akaendelea kusoma gazeti lake kwa macho yote mawili, bila miwani.

Haya, uwanja wenu. Na kama mzee wako alikuwa na ya namna hii, ilimalizikia wapi?