Fundi Haroun na Bodi ya Mbithe

Haroun Abubakar amekuwa fundi wa kompyuta pale Mtito Andei kwa miaka ishirini na sita, na kwa muda huo wote adui yake amekuwa mmoja tu: vumbi. Usimwambie habari za virusi. Virusi, atakujibu, ni maradhi ya watu wa Nairobi. Hapa ni vumbi jekundu linaloinuliwa na malori tangu alfajiri, linaloingia kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, linaloingia kwenye sukari, na likiingia kwenye kompyuta linalala juu ya bodi, lile bamba la ndani lenye vipande vya umeme, mpaka mashine ishikwe na joto na kujizima yenyewe.

Dawa ya vumbi hilo haifundishwi chuoni. Unaifungua mashine, unaitoa bodi, unaibeba mikononi mpaka kwa Kisilu, jirani anayeziba pancha za malori, na unaipuliza kwa mpira wake wa upepo. Fundi wa mjini akisikia hivyo atashika kichwa, maana upepo ule ni wa kujaza gurudumu la lori lililobeba saruji. Lakini Haroun ana masharti yake. Kwanza uache mpira uteme maji yake chini, mpaka ukiweka kiganja mbele yake usikie upepo mkavu. Pili usimame mbali, urefu wa mkono mzima. Tatu usikubali Kisilu akushikie mpira, kwa sababu Kisilu hajazaliwa kufanya jambo polepole. Kwa masharti hayo matatu Haroun alikuwa amepuliza bodi nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hakuwahi kuharibu hata moja.

Jumanne moja aliharibu.

Bodi yenyewe ilikuwa ya Mbithe, mwanamke wa makamo anayeendesha kiofisi cha chumba kimoja sokoni Ikutha. Kazi yake ni kuwajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao na kuwaandikia barua kwa chifu. Kompyuta yake ilikuwa imeanza kujizima kila baada ya nusu saa, na mafundi wawili walikuwa wamemwambia anunue nyingine. Akaifunga kwa leso, akaipakata mapajani njia nzima mpaka Kibwezi, kisha mpaka Mtito. Alimwambia Haroun kwamba fomu za basari, ule msaada wa karo, zinafungwa Ijumaa, kwamba kuna wazazi karibu hamsini wanaomngojea, na kwamba atarudi kuichukua saa tisa. Haroun akamwambia ni vumbi tu, asiwe na wasiwasi. Na kweli lilikuwa vumbi tu.

Kilichomponza ni lile sharti la pili. Akiwa amesimama urefu wa mkono, Haroun hakuweza kuona kama vumbi limetoka. Akasogea. Bado aliona wekundu tu, na hakujua kama ni vumbi au ni macho yake. Akasogea tena, mpaka mdomo wa shaba wa ule mpira ukawa karibu kugusa bodi. Upepo ukatetemesha mpira, shaba ikagonga karibu na pale panapokaa prosesa, ubongo wa mashine, na pakasikika mlio mdogo, kama mtu aliyeuma punje ya mchele iliyobaki na ganda.

Alijua mara moja. Bodi ina vipande vidogo sana vya kutuliza umeme, vinaitwa kapasita, vingine havizidi chembe ya chumvi ya mawe. Kimoja kilikuwa kimeng'oka. Haroun akainama juu ya gunia lililotandikwa chini, akapapasa, akageuza, akapapasa tena. Kisilu akaacha gurudumu lake akaja kuangalia, akanyoosha kidole cheusi cha grisi.

"Si hii hapa, fundi? Iko mbele yako."

Haroun akamwambia ameiona, alikuwa anatafuta ingine. Hapakuwa na ingine. Kisilu akarudi kwenye gurudumu lake kana kwamba ameamini, na Haroun akamshukuru kimoyomoyo, ingawa ilimuuma.

Sasa ni lazima niwaambie jambo ambalo Haroun hakuwa amemwambia mtu. Miezi kumi na minane nyuma madaktari wa macho walikuja kwa siku mbili, wakapiga kambi kwenye uwanja wa shule, na mmoja wao akamwambia kwamba sehemu ya nyuma ya jicho imechakaa, kwamba miwani haitasaidia sana, na kilichopotea hakirudi. Alimpa karatasi. Haroun aliikunja akaiweka chini ya droo ya misumari. Mkewe Naila hakuonyeshwa. Siku hizi Naila ndiye anayemsomea ujumbe wa simu, na kila mara Haroun husema mikono yake ina mafuta. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na zaidi ya kutengeneza kompyuta hakuna kitu alichojua kufanya. Ukimwondolea hilo, anabaki mzee anayekaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu malori. Alikuwa amewaona wazee wa namna hiyo, na aliwaogopa kuliko kaburi.

Basi tangu saa sita mpaka saa nane u nusu alijaribu kurudisha kile kipande. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alivuta taa mpaka ikamchoma shavu. Mkono ulikuwa imara kama zamani, lakini alipoleta chuma cha kuyeyushia risasi ya kugandishia vipande kwenye bodi, mahali pamoja pakaonekana pawili, halafu pakawa ukungu. Mara ya kwanza risasi ilimwagika pembeni, akaifuta. Mara ya pili alikigandisha kipande kimelala upande. Mara ya tatu nusura aunguze kilicho jirani, akakiweka chuma chini na kukaa tu, amechoka mpaka kwenye mifupa. Hata hasira hakuwa nayo.

Kisha, kwa kukata tamaa, akaiunganisha bodi vilevile, bila kipande, akawasha.

Ikawaka. Feni ikazunguka, picha ikaja, mashine ikatulia kana kwamba haikukosa kitu. Haroun alijua sababu. Vipande vile viko vingi, kimoja kikikosekana vingine hubeba mzigo wake. Huenda vingeubeba miaka mitano. Huenda vingechoka Alhamisi, Mbithe akiwa katikati ya fomu ya mtoto wa mtu, na fomu ikafungwa na mtoto akakosa. Hakuna ambaye angejua ni kwa nini. Mashine nzee hufa, watu wangesema. Alichotakiwa kufanya ni kufunga skrubu na kunyamaza. Akisema ameigonga, Mbithe atauliza ameigongaje, na jibu la swali hilo lilikuwa chini ya droo ya misumari.

Akafunga skrubu.

Mbithe alifika saa tisa kamili, jasho usoni, leso begani. Akauliza imekuwaje.

"Inawaka," akasema Haroun.

Mbithe akamshukuru Mungu, akamshukuru na yeye, akatandaza leso juu ya meza na kuanza kufunga mashine. Alifunga kwa uangalifu, kona moja baada ya nyingine, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kliniki. Haroun alimtazama, au alitazama pale alipokuwa, na akaona hawezi kumwacha aondoke hivyo.

"Ngoja, Mbithe. Keti kwanza."

Akamweleza yote bila kupamba. Kwamba ameigonga yeye. Kwamba kimetoka kitu, na kitu chenyewe kiko kwenye kifuniko cha chupa pale mezani. Kwamba inawaka lakini hawezi kumwapia hata kwa wiki moja. Kwamba amejaribu kukirudisha mara tatu.

"Mkono uko sawa," akasema. "Ni macho. Sioni."

Mbithe akavuta uzi wa leso.

"Mzee, hiyo tunajua," akasema kwa upole. "Watu wa Ikutha tunaambianga. Ukipelekea fundi kitu, peleka asubuhi, jua likiwa bado linaingia kwa mlango. Hata ile ya padri ulirudisha na skrubu mbili hazikuwa zake. Tulinyamaza tu."

Haroun akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu hasira. Muda wote huo alidhani anawaficha, kumbe wao ndio waliokuwa wakimficha yeye. Akamuuliza, kwa ukali kuliko alivyokusudia, kwa nini basi waliendelea kuleta.

"Kwa sababu wewe ukisema imekufa, imekufa," Mbithe akajibu. "Hao wengine wanatuambia tu tununue ingine." Akaanza kufungua leso. "Mimi nimetunga shanga tangu darasa la nne. Nionyeshe pahali."

Haroun alitaka kukataa. Miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyewahi kugusa chuma chake. Lakini kukataa nako kunahitaji nguvu, na zake alikuwa amezimaliza mchana ule. Akafungua skrubu tena, akaitoa bodi, akainuka, Mbithe akakaa kwenye kiti chake, na yeye akazunguka meza akakaa kwenye benchi la wateja. Lilikuwa gumu. Hakuwahi kulikalia.

Akamwambia ashike kipande kwa kibanio. Agandishe upande mmoja kwanza. Asibonyeze, aguse tu, ahesabu mbili, aondoe. Mbithe alishusha pumzi, akagusa. Akasema kimeshika. Upande wa pili ulimchukua muda zaidi, na Haroun alisikiliza ule mlio mdogo wa risasi ikiyeyuka, akajua kwa sikio kwamba imekaa vizuri.

Waliiwasha wakaiacha ifanye kazi saa nzima, wote wawili wakisikiliza feni. Haikujizima. Mbithe akafunga leso yake upya, akasema mwezi ujao ataleta ile ya shule, na watakaa hivihivi, yeye kitini na Haroun benchini. Haroun akaitikia kwa kichwa, na Mbithe akaondoka mbio kuwahi gari la Kibwezi.

Haroun hakurudi kwenye kiti chake. Alijua kwamba hatashika tena chuma kile kwenye bodi ya mtu. Jambo alilolikimbia miezi kumi na minane lilikuwa limemfika, mchana kweupe, mbele ya mteja. Alingoja limuume. Malori yalipita, vumbi likaingia, na yeye akasikia usingizi tu, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.