Mabonga Yuko kwa Kona

Ukitaka kumjua Mabonga, mpigie simu. Atakuambia yuko kwa kona. Mimi ni jirani yake hapa mtaani Munyaka, na mlango wangu wa jikoni uliwahi kukaa mwezi mzima bila kitasa huku fundi wake akiwa "kwa kona." Ni fundi hodari wa milango, lakini mdomo wake hufika kabla ya miguu. Yeye huona hiyo ni adabu. Ukimwambia anayekungoja kwamba uko mbali, si utamvunja moyo?

Binti yake, Marion, alienda kusomea uuguzi Leipzig, Ujerumani. Vyumba vya wanafunzi vilikuwa vimejaa. Akawa analala sakafuni kwa Awuor, Mkenya mwenzake, mpaka mwenye nyumba akasema mgeni aondoke, mwisho Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo akapata mama mmoja mzee, Bibi Krause, mwenye chumba cha kupangisha. Mpangaji wa mwisho alikuwa amemtoroka, kwa hivyo alitaka kuwaona wazazi wote wawili kwa simu kabla ya kutoa ufunguo. Kijana mwingine alikuwa ameketi koridoni na sanduku lake, akiombea Marion akose.

Nilikaa sebuleni na Nanzala, mkewe Mabonga. Simu yake tuliiegemeza kwenye mkebe wa sukari, Marion na yule mama wakitutazama. Mabonga mwenyewe hakuwepo. Nikampigia kwa simu yangu, nikaweka spika.

"Baba Marion, uko wapi?"

"Niko kwa kona, Mama Kiplimo. Naona gate."

Marion akatafsiri. Bibi Krause akangoja. Chai ikapoa. Nikapiga tena, akasema kwa kona, na safari hii nikasikia ng'ombe wakilia. Kwa kona yetu kuna kinyozi na duka la mitumba. Wallahi, kama kofi lingepita kwenye simu, angelipata.

"Baba," Marion akasema, "ameinuka. Anamwita yule kijana. Niambie ukweli, uko wapi?"

Kisha Mabonga akasema, "Niko mbali, Ainabkoi, mwanangu. Nilikuja kufunga mlango wa mtu, nikadhani nitawahi. Hata sijatoka."

Nanzala alijifunika uso kwa leso. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye mlango wa mtoto wake.

Marion angeweza kutafsiri chochote, maana yule mama hajui neno la Kiswahili. Akaongea Kijerumani kirefu kuliko maneno ya baba yake, machozi yakimtoka. Baadaye alitueleza alichosema: kwamba baba yuko mbali na amedanganya, kwamba kwetu tunadanganya hivyo ili anayengoja asikate tamaa, na kwamba yeye mwenyewe, alipompigia yule mama simu asubuhi kusema ameshafika kituoni, alikuwa bado anatafuta kiatu.

Bibi Krause akamtazama. Akafungua mdomo, na hapo bundles za intaneti zikaisha, simu ikakatika.

Tulikaa na hofu yetu. Nanzala aliomba, mimi nikamtukana Mabonga kimoyomoyo. Jioni akaingia na matope hadi magotini, hakusalimia mtu. Simu ikalia akiwa bado amesimama.

"Baba, niko ndani."

Hakufurahi. Mtu hujua mbegu aliyopanda. "Ndani ndani?" akauliza. "Ama kwa kona?"

Tulisikia ufunguo ukiingia, ukizunguka, na ulimi wa kitasa ukigonga chuma. Mabonga, aliyefunga vitasa vya nusu ya Munyaka, alifumba macho akasikiliza.

"Zungusha tena," akasema.