Kijani Yote

Juma lililopita nilikuwa kwenye kaunta ya boma nikisubiri kibali cha kuuza kahawa. Bwana mkubwa, Mzungu wa boma, alikuwa ameinamia tangi lake la kioo, lenye samaki na majani ya majini. Kioo kilikuwa kimeshika utando wa kijani, hata samaki hawaonekani.

"Toa kijani yote," alimwambia tarishi, mzee Mmeru.

"Bwana, tufunge pazia tu. Mfereji wangu uko chini ya migomba, haupigwi na jua, ndiyo maana hauoti utando."

"Mimi hapana uliza. Yote!"

Bwana akatoka. Mzee akakunja mikono ya shati. Alisugua kioo, kisha akang'oa na majani. Bwana aliporudi aliyakuta kwenye ndoo, mizizi juu. Hakufoka. Aliokota shina moja, akalishika kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Hii memsabu alipanda," alisema. Memsabu, mkewe, alizikwa masika haya.

"Pole sana, Bwana," mzee alisema. "Ulisema yote."

Kiswahili cha kuamuru kimeenea pale boma. Cha kusikiliza bado hakijafika. Jana nilipita tena. Pazia limefungwa, kioo kinang'aa, na samaki wanazunguka ndani ya maji matupu.